Diski ya laptopu ya zamani inapiga kelele: kutoka mlio hadi chanzo

Diski kuu yenye sahani zinazozunguka haikutengenezwa iwe kimya. Ndani ya kile kisanduku cha inchi 2.5 mna sahani moja au mbili zinazozunguka mara 5400 kwa dakika, katika baadhi ya laptopu mara 7200, na katika zile kongwe zaidi mara 4200. Juu yake kuna mkono wenye vichwa vya kusoma unaorushwa huku na huko kutafuta data. Mvumo mwembamba usiobadilika, pamoja na mkwaruzo hafifu faili linapofunguliwa, ni sauti ya kazi. Cha kukushtua ni mabadiliko: mlio ambao juzi haukuwapo, au ule uliouzoea ukaongezeka ghafla.

Kabla hujashika bisibisi, jua pia kwamba diski yenyewe haifunguliwi. Vichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, na chembe ya vumbi la kawaida ni kubwa kuliko nafasi hiyo mara nyingi mno. Kwa hiyo kutibu kelele ni moja kati ya mambo mawili: ama unarekebisha kilichoizunguka diski (skrubu, mipira, kebo, mipangilio ya umeme, programu), ama unaokoa data na kuitoa diski. Uchunguzi wote unaofuata ni wa kujua uko upande gani, na kujua mapema, maana diski inayokufa hupoteza sehemu ya uhai wake uliobaki kila inapowashwa.

Ikigonga "ko, ko, ko", zima kwanza

Mlio mmoja hausubiri uchunguzi. Ukisikia kitu kikigonga kwa mpigo ulio sawa, mara tano, kumi au zaidi, kisha kimya, kisha upya, na laptopu imeganda au inasema haioni diski, zima mashine. Usisubiri Windows ifunge vizuri. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi hivi hadi izimike.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila sahani ina alama za mwongozo zilizoandikwa kiwandani, na kichwa huzisoma ili kijue kipo wapi. Kichwa kikiwa kimekufa, au sahani imekwaruzika, alama hazisomeki. Mkono husafiri hadi mwisho wa njia yake, hugonga kizuizi, hurudi, hujaribu tena. Baada ya majaribio kadhaa diski hukata tamaa na mota huzimika. Kichwa kilichovunjika kikiendelea kuburutwa juu ya sahani hukwangua tabaka lenye data, na unga unaotoka huharibu vichwa vilivyobaki. Diski ambayo asubuhi ingeokolewa yote, jioni inaweza kuwa imebaki na nusu.

Kuna uwezekano mmoja usio na madhara unaostahili kujaribiwa, na mara moja tu: umeme au muunganisho mbaya. Toa diski, irudishe ikae sawasawa kwenye soketi yake, hakikisha chaja imechomekwa, washa. Katika laptopu ambazo diski huunganishwa kwa kebo bapa badala ya kuchomekwa moja kwa moja, kebo hiyo huchakaa mikunjoni na huweza kuleta dalili zote za diski mbovu. Ukiwa nayo nyingine inayolingana, ijaribu. Kugonga kukiendelea, ishia hapo. Kama data iliyomo ina thamani, diski iende kwa wataalamu wa kuokoa data wenye chumba safi kisicho na vumbi, bila kuwashwa tena.

Dawa za mtaani ni nyingi na karibu zote huua. Kuiweka diski kwenye jokofu huleta umande juu ya sahani. Kuipigapiga humaliza kichwa kilichokuwa kimelegea. Kubadilisha bodi ya saketi kwa kuchukua ya diski nyingine ya aina ileile hushindikana katika diski nyingi za kisasa, kwa sababu bodi hubeba chipu yenye vipimo vya diski ile moja peke yake; chipu hiyo isipohamishwa, bodi mpya haijui vichwa vyake.

Kwanza hakikisha ni diski

Laptopu ya zamani ina wapiga kelele wengine, na feni ndiyo inayosingiziwa diski mara nyingi kuliko yote. Feni hubadilika na joto: fungua video nzito au kurasa nyingi, na baada ya dakika mbili tatu mlio hupanda. Diski haifuati joto hivyo. Yenyewe hufuata usomaji wa mafaili. Kiendeshi cha DVD chenye sahani ndani huzunguka kwa kishindo mashine inapowaka. Toa sahani uone. Mlio mwembamba sana kama wa mbu, unaobadilika unaposogeza kipanya au unapochomoa chaja, hutoka kwenye koili za saketi ya umeme. Huo unaudhi lakini hauna madhara.

Geuza laptopu uangalie chini. Nyingi za zamani zina kifuniko kidogo chenye alama ya silinda, na hapo ndipo diski ilipo, kwa kawaida chini ya pale unapoweka kiganja. Tega sikio hapo juu, kisha upande feni inakotolea hewa. Ukiweka ncha ya kijiti kirefu cha mbao juu ya eneo hilo na ncha nyingine karibu na sikio, tofauti husikika waziwazi.

Jaribio la kumaliza ubishi ni kuwasha bila diski. Zima, chomoa chaja, toa betri, toa diski, kisha washa. Mashine italalamika kwamba haina cha kuanzia, na hilo ni sawa. Kelele ikiwa bado ipo, diski haina hatia. Unaweza pia kuwasha kwa flashi yenye Linux na kuitumia mashine nusu saa bila diski, ili feni ipate joto la kutosha kujitetea au kujishtaki.

Mtetemo: kelele ya kisanduku

Mvumo mzito, wa chini, unaosikika zaidi laptopu ikiwa juu ya meza ya mbao na kupungua ukiinyanyua, kwa kawaida hautokani na ubovu. Diski hutetemeka kidogo daima. Ikishikwa vibaya, kisanduku cha laptopu huukuza mtetemo huo. Bonyeza kidogo eneo la kiganja. Mlio ukibadilika au kukatika, tatizo liko kwenye ufungaji.

Zima kabisa, toa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kama betri iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi yake kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kutoa umeme tuli mwilini. Skrubu za kifuniko kwa kawaida hufunguka kwa bisibisi ya nyota ndogo, PH0 au PH1. Diski hukaa ndani ya fremu ya bati, imeshikwa kwa skrubu nne za M3, mbili kila upande. Fremu nayo hufungwa kwenye mwili wa laptopu kwa skrubu moja au mbili, au huegemea vipande vya mpira.

Hapa makosa hujirudia. Diski ikishabadilishwa mara moja, mara nyingi skrubu mbili kati ya nne hazirudi. Vipande vya mpira hukauka, huanguka, hutupwa. Diski ya unene wa milimita 7 huwekwa kwenye nafasi ya milimita 9.5 bila fremu ya kujazia ile milimita 2.5 iliyobaki, basi inacheza na soketi yake inalegea. Rudisha skrubu zote nne, zikaze kwa vidole tu, bila nguvu. Zisiingie zaidi ya milimita 3 hivi ndani ya mwili wa diski. Skrubu ndefu hufika kusikotakiwa. Kwa pengo la unene, weka fremu ya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Karatasi iliyokunjwa hushika joto na hulegea baada ya muda. Chochote unachoweka, usizibe tundu dogo la hewa kwenye mfuniko wa diski, ambalo kwa kawaida lina maandishi ya kukataza kulifunika, na usikandamize katikati ya mfuniko: bati hapo ni jembamba na chini yake kuna mhimili wa mota.

Mkwaruzo usiokoma

Diski inakwaruza muda wote, taa yake haizimi, mashine nzito, lakini hakuna kinachoganda moja kwa moja. Hapa mara nyingi diski ni mzima inayofanyishwa kazi kupita kiasi.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, fungua sehemu ya diski, kisha panga kwa kiasi kinachosomwa na kuandikwa. Jina lililo juu ndilo jibu. `pagefile.sys` ikiongoza, kumbukumbu ya RAM haitoshi na Windows inatumia diski kama RAM. Kwa mashine yenye GB 2 au 4 hilo ni la kila siku, na kuongeza RAM hupunguza kelele kuliko mpangilio wowote. `SearchIndexer.exe` inaorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji. Iache imalize au punguza folda inazopitia. Kizuia virusi, masasisho ya mfumo na kazi ya kupanga upya vipande vya mafaili hukwaruza kwa saa kadhaa kisha huacha.

Usidanganywe na kasi ndogo. Diski ya mizunguko 5400 huhitaji kama milisekunde 17 kufikia faili moja dogo: takriban 12 za mkono kusafiri na zaidi ya 5 za kungoja sahani ifike. Ikisoma maelfu ya mafaili madogo, itaonyesha shughuli asilimia 100 huku data inayopita haifiki hata MB 1 kwa sekunde, nayo ni nzima kabisa. Dalili ya ubovu ni nyingine: unanakili faili moja kubwa, hakuna programu nyingine inayofanya kazi, na mara kasi inaanguka hadi sifuri kwa sekunde kadhaa huku ukisikia mkwaruzo uleule ukirudiwa pahali palepale, kre-kre-kre, kre-kre-kre. Hiyo ni diski inayosoma upya sekta moja inayokataa kusomeka. Ruka moja kwa moja hadi kwenye usomaji wa SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea, hapo chini.

Diski kadhaa za zamani zina mpangilio wa kutembeza mkono polepole ili zisikwaruze sana. Kwenye Linux, `sudo hdparm -M /dev/sda` huonyesha kama upo. Thamani 128 ni ya utulivu na 254 ni ya kasi. Kwenye Windows mpangilio huohuo umo ndani ya programu ya CrystalDiskInfo. Diski nyingi za baadaye hazina huduma hii, na kama haipo hakuna njia ya kuilazimisha.

"Tik" moja kila baada ya sekunde chache

Hii ndiyo kelele inayoeleweka vibaya kuliko zote. Laptopu inafanya kazi sawasawa, lakini kila baada ya sekunde nane, kumi au thelathini inasikika "tik" moja, na pengine "tik" ya pili mara tu unapobofya kitu. Diski inaegesha vichwa. Ili kubana umeme na kujikinga na mishtuko, diski za laptopu huondoa vichwa juu ya sahani na kuvipandisha kwenye kijukwaa cha plastiki pembeni kila zinapokaa bila kazi, kisha huvirudisha data ikihitajika. Tofauti na kugonga kwa hatari ni kwamba huu mlio ni mmoja mmoja, haufuatani, na mashine haigandi.

Tatizo lake ni la muda mrefu. Diski nyingi za laptopu hukadiriwa kuhimili maegesho 300,000 au 600,000. Mfumo endeshi hupenda kuandika kitu kidogo kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo vichwa hupanda na kushuka bila kupumzika. Maegesho yakiwa kila nusu dakika, ni 120 kwa saa. Kwa saa nane za kazi ni 960 kwa siku, na 300,000 huisha kabla mwaka haujakwisha. Diski haifi siku idadi ikitimia, ila umri wake unaliwa bila sababu.

Idadi hiyo imo kwenye SMART, kipengele C1. Kiangalie, tumia mashine kwa saa moja, kiangalie tena. Kikiwa kimepanda zaidi ya 20 au 30, punguza. Kwenye Linux:

`sudo hdparm -B 254 /dev/sda`

Thamani kuanzia 1 hadi 127 huruhusu hata mota kuzimwa. Kuanzia 128 hadi 254 mota haizimwi. 255 huondoa usimamizi wote, ingawa si kila diski huikubali. Amri hii husahauliwa laptopu ikizimwa, kwa hiyo kwenye Debian na Ubuntu iandike ndani ya `/etc/hdparm.conf`. Kama unatumia TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme, yeye ndiye atakayeamua: mpangilio wake wa kawaida ni 254 kwenye chaja na 128 kwenye betri, na hiyo ndiyo sababu tiktik hurudi ukichomoa chaja. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo huweza kuweka thamani hiyohiyo na kuirudisha kila mashine inapowaka.

Kuna gharama. Vichwa visipoegeshwa, laptopu ikiporomoka ikiwa imewashwa hatari ni kubwa zaidi. Kwa mashine inayokaa mezani, 254 bila kusita. Kwa inayobebwa ikiwa imewashwa, acha 128 uvumilie sauti, au bora zaidi weka SSD, diski ya chipu isiyo na kinachozunguka.

Kuna "tik" nyingine inayotokea tu meza ikitikiswa au laptopu ikisogezwa. Laptopu nyingi za kibiashara zina kihisi cha mtikisiko kinachoegesha vichwa papo hapo. Kikifanya hivyo ujue kinafanya kazi yake.

Mota kuzimwa ni kelele ya ukoo huohuo: kimya cha muda, kisha vuuu ya kupanda huku mashine ikisita sekunde mbili hadi nne. Zuia kwa `powercfg /change disk-timeout-ac 0` kwenye Windows, ukiifungua amri kwa mamlaka ya msimamizi.

Ukelele mwembamba unaopanda mwezi hadi mwezi

Sauti ya juu, ya mfululizo, isiyojali kama kuna faili linasomwa, na jaribio la kuwasha bila diski limeithibitisha: ni beringi za mota. Diski kongwe zilitumia beringi za gololi, ambazo huchakaa na kuimba. Zilizofuata hutumia mafuta yaliyofungiwa ndani, na hizo zikianza kulia, mafuta yamepungua au mhimili umepata pigo. Hakuna mahali pa kutia mafuta. SMART yaweza kuonyesha kila kitu ni kizuri kwa sababu usomaji bado ni mzuri. Vinavyoweza kubadilika ni muda wa kuanza kuzunguka, 03, na majaribio ya kuzungusha yaliyorudiwa, 0A. Hiki cha pili kikiwa zaidi ya sifuri, usizime mashine hadi umalize kunakili mafaili: huenda mota isiwake tena.

Mlio wa "pii" au mngurumo mfupi bila kuzunguka

Diski haizunguki kabisa, inatoa "pii-pii" hafifu au mtetemo mfupi unaorudiwa. Mota inasukuma na haiwezi. Kama umeitoa diski na kuiunganisha kwa adapta ya USB, shuku umeme kwanza. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kutaka karibu ampea nzima ya volti 5. Tumia kebo yenye vichwa viwili vya USB, au adapta yenye umeme wake.

Umeme ukiwa mzuri na mlio ni uleule, vichwa vimenasa juu ya sahani, jambo la kawaida baada ya kuanguka, au mhimili umekwama. Kuviondoa ni kazi ya chumba safi. Kuizungusha diski kwa nguvu mkononi ili vichwa viachie huweza kuving'oa.

Kusoma SMART bila kudanganyika

Sikio hutoa shaka. Namba hutoa uamuzi. CrystalDiskInfo kwenye Windows, au `sudo smartctl -a /dev/sda` kwenye Linux, huonyesha kumbukumbu ambazo diski hujiwekea. Usitosheke na neno la jumla la "nzuri". Diski huweza kufa nalo usoni. Tazama thamani ghafi (Raw Values). CrystalDiskInfo huzionyesha kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 10 pale ni 16. Badilisha ziwe za kawaida kwenye menyu yake kabla ya kuogopa au kufurahi.

Kipengele 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwenye akiba. Chache zisizoongezeka kwa miezi si hukumu ya kifo, ila hiyo si diski ya kuweka kitu pekee cha aina yake. C5 ni sekta zinazosubiri uamuzi kwa kuwa zilikataa kusomeka, na C6 ni zilizoshindikana kabisa. C5 ikipanda kati ya leo na kesho, acha kazi nyingine zote uokoe data. C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na bodi: ikipanda yenyewe huku 05 na C5 ni sifuri, mkosaji ni kebo au soketi. Namba kubwa za kutisha kwenye 01 na 07 katika diski za Seagate ni kawaida. Hubeba hesabu ya shughuli pamoja na makosa.

Jaribio fupi la ndani, `sudo smartctl -t short /dev/sda`, huchukua kama dakika mbili, na matokeo husomwa kwa `sudo smartctl -l selftest /dev/sda`. Lile refu hupitia uso wote wa sahani na huchukua saa moja au zaidi. Lifanye baada ya kuokoa data, kamwe si kabla.

Kuokoa data kwa mpangilio

Kosa linaloua diski nyingi zilizokuwa bado zinasomeka ni `chkdsk /r`. Amri hiyo hupitia kila sekta, hubishana na zile mbovu, na huandika mabadiliko juu ya diski hiyohiyo inayougua. Iendeshe juu ya nakala, si juu ya mgonjwa.

Diski ikisomeka bila kuganda, nakili kwa umuhimu: hati na picha kwanza, folda moja baada ya nyingine, kwenye diski ya nje. Programu zitapatikana tena.

Ikiganda au kutoa makosa, usivute mafaili mojamoja. Washa kwa flashi ya Linux, unganisha diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji, na unakili diski nzima kwa `ddrescue` (kwenye Debian na Ubuntu pakiti yake inaitwa `gddrescue`). Tambua kwanza ipi ni ipi:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Soma mara mbili. Ukigeuza chanzo na mwisho, utaifuta data kwa mkono wako. Kisha, ikiwa `sda` ndiyo mgonjwa na `sdb` ndiyo mpya:

`sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

`sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

Mzunguko wa kwanza huchota kilicho rahisi na kuruka palipo pagumu. Wa pili hurudi kwenye mapengo na kujaribu mara tatu. Faili la ramani ndilo linalokumbuka kipi kimeshachukuliwa, kwa hiyo liweke kwenye flashi ya tatu, si kwenye mfumo wa muda unaopotea mashine ikizimwa. Ukiwa nalo unaweza kusimamisha kwa Ctrl+C, kuiacha diski ipoe, na kuendelea ulipoishia. Elekeza feni kwenye diski. Kugonga kukianza katikati ya kazi, simamisha, na ujiulize kama kilichobaki kina thamani ya kupelekwa kwa wataalamu.

Kuweka SSD mahali pake

Kwa laptopu ya zamani, kununua tena diski ya kuzunguka hakuna maana ila pale nafasi kubwa inapohitajika kuliko yote. SSD ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) haina kinachozunguka, na hutumia matundu yaleyale ya skrubu. Hata mashine ya SATA II, yenye kikomo cha MB 300 kwa sekunde, itabadilika sana, kwa kuwa faida kuu iko kwenye mafaili madogo. Angalia soketi kabla ya kununua: SATA ina vishina viwili bapa, cha data chenye pini 7 na cha umeme chenye 15. Ukikuta pini 44 zilizochomoza katika safu mbili, hiyo ni IDE, muunganisho wa zamani zaidi, na SSD ya SATA haitaingia bila adapta ambayo mara nyingi haitoshei kwenye nafasi.

Diski ya zamani ikiwa na afya, inakiliwe nzima kwa programu ya Clonezilla. SSD ikiwa ndogo kuliko diski, punguza kwanza ukubwa wa sehemu za diski, kwani haitoshi data kuwa chache. Windows ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli lake la kusimba data, hakikisha una ufunguo wa kurejesha. Usibadilishe hali ya AHCI au IDE (namna bodi inavyowasiliana na diski) kwenye BIOS baada ya kunakili, Windows itakataa kuwaka. Diski ya zamani ikiwa na sekta mbovu, sakinisha mfumo upya na urudishe mafaili tu. Kunakili mfumo ulioharibika ni kuhamisha matatizo. Mwisho, endesha `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`: jibu la 0 linaonyesha TRIM imewashwa, yaani Windows huiarifu SSD mafaili yaliyofutwa.

Kuhusu diski iliyotolewa: yenye namba safi na kelele ya kisanduku tu huweza kuwekwa kwenye kasha la USB iwe nakala ya ziada. Yenye C5 inayopanda isitumike tena kwa chochote. Kama bado inaandikika, ifute yote kabla ya kuitoa mikononi mwako, kwa uumbizaji kamili wa Windows, usiwe ule wa haraka, kwani wa haraka huacha data mahali pake. Kama haiandikiki, vunja sahani, lakini vaa miwani ya kinga na ufunike diski kwa kitambaa kizito: sahani nyingi za inchi 2.5 ni za kioo, na hupasuka vipande vidogo vikali.